Mama Beseni

Jina hilo nilipewa na wanafunzi, nami sikulikataa. Kila siku ya mazoezi, saa nane mchana, hunikuta pembeni mwa uwanja wa shule na beseni kubwa, madumu manne ya maji na barafu niliyoifunika kwa gunia. Husema "Shikamoo" kisha hupita mbali kidogo, utadhani kufiwa kunaambukiza.

Mwanangu alianguka kwa joto kwenye uwanja huu huu. Alianza kwa kupepesuka na kusema maneno yasiyoeleweka, wenzake wakacheka. Wakamlaza kivulini, wakasubiri gari dakika arobaini. Daktari aliniambia kwamba angepoozwa kwa maji palepale, huenda ningekuwa naye leo. Na bomba lipo, nyuma ya darasa.

Mimi nami sijitoi lawamani. Asubuhi ile aliniambia kichwa kinamuuma, nikamjibu, "Jikaze, mwanangu." Hilo sijamwambia mtu.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu mara tano kuomba mazoezi yahamie saa kumi na moja. "Tutalitazama, mama." Nadhani wanalitazama mpaka leo. Sikio la kufa halisikii dawa, ila hapa sikio ni la mkubwa na anayekufa ni mtoto. Kwenye kikao cha wazazi niliinua mkono peke yangu. Mume wangu hataki hata kuusikia uwanja ukitajwa. Basi nikanunua beseni.

Juzi winga mmoja alianza kukimbilia goli lao wenyewe. Nikamuuliza jina lake, akanitazama tu. "Mtieni humu," niliwaambia wenzake, wakatii. Kocha akaita gari, lakini sikukubali aondolewe mapema. Tulimmwagia maji ya barafu kichwani na kifuani mpaka akatetemeka na kulitaja jina lake.

Jana mama yake alipiga hodi kwangu, amefura.

"Dada, ndiyo nini kumlowesha mtoto wa watu mbele ya kadamnasi? Karudi kutoka hospitali na mafua. Viatu vipya vimeharibika. Chakula hataki, soda anataka, na nikimsemesha ananijibu jeuri."

Nilimwonea wivu mpaka machozi yakanitoka. Akadhani amenikosea, akanyamaza.

"Endelea, dada," nikamwambia. "Na leo asubuhi je, kaamkaje?"