Moshi wa Kuwaonyesha Wakaguzi

Habari ilipofika kwamba wakaguzi wangekuja Alhamisi, Faris alimwita Rosette Namegabe ofisini, akaufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe. Hapo hapo Rosette alijua hakuitiwa heri. Alikuwa mpishi wa sabuni katika kiwanda kile kwa miaka kumi na tisa, tangu enzi za marehemu mzee Sleiman, baba yake Faris, na mlango ule haukupata kufungwa mbele yake hata siku moja.

"Mama Prodige," Faris alisema, akimwita kwa jina la mwanawe, "Alhamisi asubuhi nataka moshi utoke pale juu kwenye bomba."

"Moshi wa nini, patron? Hatupiki kitu."

"Ndiyo maana nakuambia."

Kweli, miaka miwili ilikuwa imepita bila kupikwa hata kipande kimoja. Mawese yalipanda bei, soda kali ya kupikia sabuni haikufika ya kutosha kwa kuwa dola zilikuwa chache, na sabuni ya ng'ambo ilijaa madukani, rahisi kuliko kuni walizochomea ya kwao. Faris alishindana nayo mpaka akachoka. Mwishowe akawa analeta hiyo hiyo sabuni ya ng'ambo ndani ya makontena, vipande vitupu visivyo na jina. Wanawake arobaini walikaa mezani wakivipiga muhuri wa mzee Sleiman, wenye maneno "Imetengenezwa Burundi" chini yake. Rosette naye alipiga muhuri, akanyamaza. Alikuwa na watoto wa kulisha. Sasa wakaguzi walitaka kuona kama kiwanda kinachopewa kibali cha dola za kununulia soda kweli kinapika.

"Shodieri imelala miaka mbili, patron," Rosette alisema. Shodieri ndiyo lile pipa la chuma, kubwa kama basi dogo, lililochemsha maji na kupeleka mvuke kwenye masufuria ya sabuni. "Imeota kutu. Na fundi Shaabani alishakwenda zake Kigoma. Mi naiogopa."

"We peke yako umebaki mwenye kuijua. Saa moja tu. Wakipita, zima." Faris alishusha sauti. "Wakifunga hapa, nyinyi wote mutarudi nyumbani. Unafikiri mi napata usingizi?"

Rosette aliitikia kwa kichwa. Akakumbuka alivyozoea kusema Shaabani akipapasa lile pipa: "Hii ikikasirika, haiue mutu mumoja tu."

Alhamisi Rosette alitoka kwake Bwiza kwa miguu, kwa sababu mabasi hayakuwa na mafuta, akawa anasali njia nzima. Alijaza maji, akapanga kuni, akawasha. Upande wa pili wa ukuta, Wafa, mwenzake wa meza ya muhuri, alikuwa anamwaga katoni za sabuni kwenye sufuria kubwa lenye maji, ili wageni wakichungulia waone kitu kinapikwa.

"Hizi zina muhuri tayari," Wafa alinong'ona dirishani.

"Tupa tu. Zitayeyuka."

Saa tatu wakaguzi watatu waliingia, wakiongozwa na mzee Astère, mtu mwembamba, mpole, mwenye kalamu sikioni. Rosette alimsikia Faris akiwaeleza habari za baba yake kwa sauti ya furaha ambayo hakuwa nayo. Aliitazama saa ya mvuke, ile inayopima nguvu yake. Mshale ulikuwa umelala chini kabisa, kana kwamba shodieri bado ni ya baridi. Lakini tumbo la chuma lilikuwa linanguruma, na joto lake lilimsukuma uso kama kiganja.

Aligonga kioo cha saa kwa kidole. Mshale ukaruka, ukapita alama nyekundu, ukagonga mwisho.

Rosette aliinua macho kwenye kifuniko cha usalama, kile ambacho kingepaswa kuwa kimepiga filimbi kitambo na kutoa mvuke. Kilikuwa kimya. Kutu ilikuwa imekiziba.

Geti lilikuwa hatua ishirini tu. Mguu wake wa kulia uligeuka wenyewe kuelekea kule, na hakuuzuia. Alipiga hatua tatu nzima. Kisha akasikia Wafa anacheka na mtu nyuma ya ukuta. Arobaini walikuwa pale, na wageni.

Alirudi analia. Akashika reki ndefu, akavuta moto wote nje ukamwagika sakafuni, halafu akavua kitenge cha kiunoni, akakizungusha kwenye gurudumu la kufungulia bomba la mvuke. Halikusogea. "Yesu wangu," alisema, "apana leo." Akaning'inia juu yake kwa uzito wote. Likalia, likasogea kidogo, kidogo tena, mpaka mvuke ukapita kwenye bomba kwa mlio kama wa mnyama anayechinjwa. Mwingine ukafyatuka pale kwenye kiungo kibovu, ukamchoma mkono toka kiwiko hadi kifundo.

Upande wa pili watu walipiga kelele. Sufuria liliumuka, povu likapanda, likafurika, likatambaa sakafuni mpaka kwenye viatu vya wageni. Wote walikimbilia uani. Baada ya muda mlio ukapungua, ukawa mnong'ono, ukaisha. Hakufa mtu.

Mzee Astère ndiye aliyerudi ndani wa kwanza, Faris nyuma yake. Aliinama kwenye povu, akaokota kipande cha sabuni kilicho moto, akakipangusa kwa leso, akakisoma.

"Sabuni gani hii," aliuliza taratibu, "inapigwa muhuri kabla ya kuiva?"

Alitoa kalamu sikioni, akaielekeza upande wa shodieri.

"Na nani aliwasha huu moto?"

"Ni mi, mzee," Rosette alisema mlangoni, akiwa ameushika mkono wake ulioungua.

Alimtazama Faris. Yeye Rosette alikuwa mtu wa kuja, wa Bukavu kule Kongo, bila cheti cha ufundi wala karatasi yenye amri ya mtu. Faris alitazama chini. Rosette akaanza kuwaza nani angewachukua watoto wake akipelekwa ndani.

"Aliwasha kwa amri yangu," Faris alisema hatimaye. "Alikataa, mi nikamulazimisha. Na sabuni inatoka inje. Yote."

Kiwanda kilitiwa lakiri siku ile ile. Faris aliitwa huku na huku kwa wiki nyingi, kisha akakiuza. Leo ni ghala tu: sabuni inashuka ikiwa na jina lake la kigeni, na wanaume sita wanatosha kuipakua.

Mkono wa Rosette ulipona kwa shida. Wanawake wengine walikuja kumshukuru. Wengine walisema angeacha moto ujizimie wenyewe, leo wangekuwa bado kazini. Hao hawakuuona ule mshale. Wafa alikuja siku ya mwisho kabla ya kuhamia kwa dada yake, mjini Rumonge, akaketi kitandani kwa Rosette.

"Uliogopa sana siku ile?"

"Sana."

"Na sasa?"

Rosette alisikiliza watoto wake wakinawa uani. "Siku ile nilijua gurudumu liko wapi," alisema. "Sasa sijui nishike nini."