Bega la Mama

Kaka yangu ni fundi cherehani, na mdomo wake una kasi kuliko mashine. Siku ile mbele ya daktari ulikwenda bila kukata uzi.

"Daktari, mimi mzima kama wewe. Tena hilo koti lako limepinda, nani kakuharibia? Niletee nilinyooshe."

Daktari, mama wa makamo mwenye miwani, alicheka. Daktari mwenzake, kijana aliyekaa dirishani, naye alicheka. Mimi nilikuwa kwenye benchi nyuma ya Mama, naangalia vidole vyangu. Nyumbani wananiita Kimya. Shule niliiacha darasa la tano, maana kila nikiulizwa swali nililia.

"Kwa hiyo hutaki kulazwa?"

"Nikilala huku nguo za watu atashona nani? Kimya? Huyo akiona mteja anajificha nyuma ya pazia!"

Daktari akamgeukia Mama. "Mama, mtu akikataa hatumlazi kwa nguvu, ila akiwa hatari kwake mwenyewe au kwa wengine. Na lazima sisi wawili tukubaliane. Amemuumiza mtu?"

Mama akajivutia shali begani. "Mwanangu mpole huyu. Hapati usingizi tu. Tupeni dawa twende zetu."

Daktari akaweka kalamu chini. Nikajua tunarudi naye nyumbani, kwenye pasi.

Wiki nzima kaka alikuwa akifumua nguo za wateja. Alisema kuna watu ndani ya mishono, wanamsengenya. Asubuhi ile aliwasikia kwenye blauzi ya Mama. Akachukua pasi ya mkaa, ya moto, akaikandamiza begani, Mama akiwa ameivaa blauzi hiyo.

"Mama." Sauti ilinitoka kama ya chura. "Funua bega."

"Nyamaza wewe!"

"Funua, Mama, au nifunue mimi."

Nikasimama, nikaivuta shali. Nikaeleza yote: mishono, pasi, na kwamba kesho atawasikia kwenye nguo ya mwingine. Maneno hayakukatika. Daktari aliliangalia lile bega, kisha akatoka na mwenzake. Waliporudi, yule kijana hakuwa anacheka tena.

"Tunamlaza," akasema daktari.

Wauguzi walipomshika, kaka alipiga kelele hadi mlangoni. "Kimya! Leo ndiyo umepata mdomo? Umeniuza!"

Njia nzima Mama alitembea mbele yangu, hakugeuka nyuma.

Baada ya wiki kadhaa kaka alirudi amekonda, mikono ikitetemeka kidogo kwa dawa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa blauzi ya Mama, pana begani ili isikwaruze kovu. Aliishona taratibu, akafumua mara mbili, lakini safari hii ni kwa sababu mshono ulipinda.

Siku moja akaja mteja mmoja, mama mwenye maneno.

"Fundi, ulipotelea wapi? Tulisikia umefungiwa."

Nikainamisha kichwa. Kaka hakuinamisha chake.

"Nilikuwa naumwa, nikalazwa. Aliyenilaza huyu hapa."

"Kimya? Kimya huyu?"

"Huyu huyu! Mama yetu na madaktari wawili walikaa wakimsikiliza yeye. Kwa hiyo ukija hapa, msalimie yeye kwanza."

Mama, aliyekuwa ndani, akaguna. "Na mkaidi huyo, hafai!" Lakini nilisikia anacheka.

Mteja akanisalimia. Nikaitikia kwa sauti, nikiwa mbele ya pazia, pasi mkononi. Pasi siku hizi ni kazi yangu. Kaka alinikabidhi mwenyewe.