Unga wa Plasta

Mtoto hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana, na sasa alikuwa akilamba kifungo cha gauni la hospitali.

"Mke mwenza, acha nguo ya serikali. Utadaiwa."

"Bibi, nina njaa."

"Hata mimi. Tena mimi sipasuliwi."

Mtaani mtoto walimwita Bata kwa jinsi alivyotembea akiyumba, nyonga ya kushoto ikimkimbia. Alipokuwa mchanga Bibi aliwaonyesha kliniki mikunjo ya mapaja isiyolingana. Muuguzi hakuinua hata macho. "Atanyooka," alisema. Mtoto akakua, kunyooka hakunyooka. Sasa ana miaka minne, na leo ndipo daktari wa mifupa, anayekuja mara moja kwa mwaka, amepita. Angempasua, aurudishe mfupa kwenye kikombe chake, kisha mtoto afungwe plasta toka kifuani hadi vifundoni usije ukachomoka tena. Akirudi mwakani, alisema, mfupa utakuwa umeshakomaa vibaya, na hapo haahidi kitu.

Fundi plasta akatoka stoo, mikono mikavu.

"Bibi, unga wa plasta umekwisha."

"Si juzi tu yameshushwa magunia?"

"Yalishushwa."

"Unga gani huo unaokwisha bila mtu kushiba?"

Fundi akatazama viatu vyake. "Panda juu kwa mganga mkuu. Lakini mimi sijakutuma."

"Wewe nani? Sijakuona."

Akambeba mtoto mbavuni, akapanda ngazi akihema. Uani gari la daktari lilikuwa tayari linanguruma. Katibu muhtasi alisema mkuu ana kikao; Bibi akajifanya kiziwi, kitu ambacho umri wake unamruhusu, akaingia. Mkuu alikuwa peke yake, anakunywa chai.

"Mama, vifaa vimeagizwa. Kuna utaratibu. Vumilia."

"Mimi navumilia, mkuu. Mfupa ndio haujui utaratibu."

"Usinifundishe kazi."

"Nikufundishe nini, mwanangu, na mimi niliishia darasa la nne."

Lakini darasa la nne linatosha kusoma herufi kubwa. Kwenye kona, chini ya ngazi ya mafundi, palitandikwa magunia matupu kuzuia matone yasichafue zulia: WODI YA MIFUPA. Bibi akainua uso polepole. Dari lilikuwa jipya, jeupe, bado linanuka maji, pembeni mawimbi, katikati waridi la plasta kubwa kama sinia.

Mkuu akaweka kikombe chini.

"Ofisi yako nzuri," Bibi alisema. "Imenyooka."

 Nje gari likabadilisha gia, likatoka getini, sauti yake ikaisha.

Mtoto alikuwa bado ameangalia juu. "Bibi, lile ua linalika?"

"Limeshaliwa, mke mwenza."

Mikono ya Bibi ilikuwa imekufa ganzi. Akamshusha. Mtoto akauendea mlango akiyumba juu ya zulia lililojaa vumbi jeupe, nyuma yake zikabaki nyayo: mguu mmoja mzima, mwingine vidole tu.

Katibu muhtasi akachungulia, akaziona, akaita mfagizi.