Pengo la Jani la Tatu

Kosa lilikuwa langu, na nililifanya hewani, mchana kweupe, watu maelfu wakisikiliza.

Naitwa Quinter. Kila siku saa nane mchana naendesha kipindi katika redio ndogo ya mjini Kericho, ghorofa ya tatu, juu ya duka la mbolea. Wasikilizaji wangu ni wachuma chai wenye redio ndogo ndani ya aproni za plastiki, madereva wa trekta, wenye vibanda, na wazee wawili watatu ambao kazi yao hapa duniani ni kunikosoa. Kipindi chenyewe hakina maajabu: nacheza wimbo, wao wananiandikia umewagusa vipi, nami nawasomea wenzao. Na wimbo wanaoupenda kuliko zote unaitwa "Jani la Tatu". Ni wimbo wa roki, wa magitaa yanayokwaruza. Anayeusikia mara ya kwanza hudhani redio yake imeharibika, lakini ukishamwingia hautoki.

Mchuma chai huchukua majani mawili na kichipukizi, la tatu hulipita. Mdogo wangu wa kiume, Ajwang, alichuma chai miaka minne kabla mashine hazijamfuta kazi, akatunga wimbo wa lile jani linalopitwa. Aliurekodi na wenziwe wawili katika banda kuukuu la kunyaushia majani. Katikati ya wimbo kuna pengo. Gitaa linashuka, ngoma inanyamaza, na kwa sekunde ishirini hakuna anayeimba. Wasikilizaji wanalipenda pengo hilo ajabu, kila mmoja hulijaza kwa lake. Yupo anayemkumbuka marehemu mumewe, yupo anayekumbuka shamba lililouzwa.

Nisichowahi kuwaambia ni kwamba pengo lile ni langu. Nilitakiwa kuimba pale. Siku ya kurekodi nikaitwa kwenye usaili wa kazi hii hii ya redio, nikamwambia Ajwang nitakuja kesho. Hakukasirika. "Nimekuachia nafasi yako, sista," alisema. "Siku ukiimba poa nitakuambia hapo sasa." Hilo lilikuwa neno lake mazoezini, "Hapo sasa!", na hakulitoa bure, ulilitolea jasho kwanza.

Kesho yangu haikufika. Siku tisa baadaye alikwenda Londiani kununua spika iliyokwishatumika, mvua ikanyesha siku mbili mfululizo, mto ukabeba daraja la miguu pamoja na yeye. Gitaa lake lilikutwa limening'inia kwenye tawi. Yeye hakupatikana, si siku ile, wala katika miaka sita iliyofuata.

Jumapili ya juzi ukoo ukakutana kwetu Kabondo. Baba mdogo Joab alisema imetosha: Jumamosi tunazika yago. Yago ni tunda refu, zito kama mkono wa mtu mzima, na sisi Wajaluo tukimkosa mtu wetu majini au vitani, tunalizika hilo badala ya mwili ili roho yake ipate pa kulala. Nilipinga mpaka sauti ikakauka. Mtu akishazikwa hivyo, hata akirudi na miguu yake miwili haingii tena bomani kama mtoto wa nyumba. Mlango umefungwa.

"Na kama yuko hai?" niliuliza.

Mama hakuniangalia. "Nyathina, mwanangu, miaka sita napika chakula cha mtu ambaye hakuji. Nimechoka."

Nilirudi Kericho nimefura kwa hasira, na hasira ni hasara, wahenga hawakukosea. Jumatatu, kabla ya kucheza "Jani la Tatu", nilisoma matangazo. Mnayajua matangazo yetu: fulani ametangulia mbele za haki, na mwanawe aliyeko mbali, popote alipo, anatakiwa afike nyumbani haraka. Nikamaliza ya watu, kisha nikaongeza langu, na kila neno nililitamka wazi wazi.

"Ajwang, popote ulipo, unatakiwa nyumbani Kabondo kabla ya Jumamosi."

Sagini, fundi wetu wa mitambo, alinitazama kupitia kioo kana kwamba nimetukana kanisani. Ni Mkisii, mlokole wa kweli kweli. Tulipotoka hewani alisema, "Madam, huyo mtu si alikufa? Unamwita aje na nini?"

"Endesha mitambo yako, Sagini."

Ujumbe wa kwanza uliingia kabla sijavua vipokea sauti vya masikioni. Kiptum, mkulima wa viazi, Londiani: "Dada, leo ile pahali huwa kimya kuna mwanaume ameimba. Sauti tamu lakini iko mbali, ni kama anaimbia upande ya mto. Mmerekodi upya?" Nikausikiliza wimbo tena mwenyewe, sauti juu kabisa. Sekunde ishirini za kimya, kama siku zote. Nikamwandikia Kiptum kwa utani apunguze kunywa busaa.

Jumanne ilikuwa zamu ya Nyakerario, mchuma chai wa kambi moja upande wa Chepseon. Huyu hanywi hata soda. "Quinter, mtu ameimba nyuma yangu. Nimegeuka, ni chai tu na ukungu. Wenzangu wanne pia wamesikia na tumeacha vikapu huko huko."

Jumatano, hapo Kericho mjini, ilikuwa kinyozi wa mtaa wa nyuma yetu. Alisema sauti ilitoka kwenye redio, kisha ikawa haitoki kwenye redio, ikawa mlangoni. Mteja wake aliinuka kichwa kikiwa kimenyolewa nusu, akatoka mbio.

Kulikuwa na mmoja tu aliyelalamika kwamba amenyimwa. Mokaya wa Ndanai, kinara wa wale wazee wangu wakosoaji, aliandika kila siku: "Huku kwetu hakuna kitu. Wimbo ni ile ile. Ama redio yenu inabagua watu wa Bomet?" Niliusoma ujumbe wake hewani, watu wakacheka, nami nikacheka. Baadaye, nikiwa nanawa mikono, nikayapanga majina ya zile sehemu kichwani. Londiani. Chepseon. Kericho. Ndanai haimo, kwa sababu Ndanai haiko njiani.

Ilikuwa barabara ya kwenda kwetu. Na mwendo ulikuwa wa mtu anayetembea kwa miguu.

Nilishika sinki kwa mikono miwili. Nilitaka kufurahi, nasema kweli. Mdogo wangu anarudi! Lakini mwili ulikataa kufurahi. Nikampigia mama, nikamweleza yote, nikamsihi waahirishe mazishi.

Nilisikia kuku wake.

"Anakuja, basi," alisema. "Lazima tumtengenezee mahali."

"Mama, na kama ni mzima?"

"Quinter. Mtu mzima akitoka Londiani anapanda matatu."

Alhamisi ilikuwa Kapsoit, mwalimu wa chekechea. Watoto wake walikuwa wamelala, redio chini chini. Wote waliamka kwa pamoja kwenye pengo, hakuna aliyelia, wakageuza vichwa polepole kutoka dirisha moja hadi lingine, kama wanaotazama mtu akipita nje. Ijumaa ilikuwa Sondu, mama muuza samaki aitwaye Nyabate: "Ameimba hapa kando ya meza yangu. Jua ni kali, na hapo chini pamebaki maji, na majani ya chai yamelowa. Huku hatulimi chai, madam. Tafadhali usicheze hiyo wimbo tena."

Kutoka Sondu hadi Kabondo ni mwendo wa asubuhi moja.

Ijumaa jioni nilimwambia Sagini: kesho mimi siko, na "Jani la Tatu" usiucheze, hata wakulilie. Nilikuwa nimeshakata shauri. Ajwang alikuwa akifuata wimbo, kila siku kipande. Wimbo usipochezwa, atasimama pale Sondu. Na asipofika, sitakuwa nimemzika. Ilionekana akili nzuri sana wakati ule.

Jumamosi nilikuta kaburi limeshachimbwa, upande wa kushoto wa nyumba ya mama. Halikuwa kubwa. Yago lilikuwa limeviringishwa shati lake jeusi la bendi, juu yake shuka nyeupe, na mama alikuwa amelilaza juu ya mkeka akilipungia nzi, kama mtoto aliyelala. Hapo nikalia. Nilikuwa nimeapa sitalia.

Mchungaji aliomba, baba mdogo akasema machache, kisha kila mtu akangoja. Ilikuwa saa nane kasoro dakika tano. Baba mdogo Joab alitoa redio yake ya mkono, akaiweka juu ya udongo uliofukuliwa. Saa nane ilipofika nikasikia sauti ya Sagini akisoma salamu kwa ile sauti yake ya kuhubiri.

"Wimbo unakuja saa ngapi?" mama aliuliza.

"Hauji," nikasema. "Nimemkataza."

Watu wakaguna. Mama aliinuka kutoka mkekani, akaja mpaka mbele yangu. Ni mfupi, ananifika begani, lakini siku ile nilijiona mimi ndiye mdogo.

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Sondu."

"Amesimama hapo tangu jana?"

Niliitazama redio juu ya udongo.

"Wewe ndiye ulimwita," mama alisema. "Umemtoa kwa maji, umemtembeza hiyo njia yote, halafu umwache barabarani?"

Nimesemwa mengi maishani na wasikilizaji, lakini hakuna lililowahi kunichoma kama hilo. Nilitoa simu. Nikakosea namba mara mbili. "Sagini," nikasema, "cheza."

Magitaa yakaanza kukwaruza juu ya ule udongo mwekundu. Wazee wakakunja nyuso, hawajawahi kuuelewa muziki wa Ajwang. Akaimba ubeti wa kwanza, ile sauti yake ya miaka ishirini na mitatu: wamechukua mawili na kichipukizi, mimi la tatu nimebaki na ukungu. Mbwa wa mama alikuwa amelala kivulini. Akainuka, akatazama lango, akatikisa mkia.

Harufu ikaja kwanza. Kwetu ni viazi vitamu na mahindi, kiwanda cha chai hakipo hata kwa dawa, lakini harufu ilikuwa ya majani mabichi yanaponyaushwa, ile inayokwama kwenye nguo za wafanyakazi. Mama mmoja alifunika pua. Jua liliwaka vile vile. Kisha kwenye njia kutoka langoni, vumbi likaanza kulowa, doa moja, hatua, doa jingine, hatua. Hakuna aliyekimbia. Nadhani tulikuwa tumeshikwa miguu.

Madoa yalifika kando ya kaburi, yakakoma mbele yangu. Maji yalidondoka kutoka hewani na kutengeneza kidimbwi kidogo karibu na viatu vyangu.

Gitaa likashuka. Ngoma ikanyamaza. Pengo.

Kila mtu alitega sikio kumsikia. Kimya. Njia nzima alikuwa ameimba, Londiani mpaka Sondu, na hapa, mbele yangu, haimbi. Sekunde zinakwenda. Nami nikaelewa, kwa uchungu ambao siwezi kuupima, kwamba hakutembea kote huko kuja kuzikwa. Alikuwa anangoja nije, ile kesho niliyomwahidi.

Nikafungua mdomo. Sikuwa nimeyaimba maneno yale tangu mazoezini, lakini yalikuwepo. Dada yako yuko nyuma ya mstari, anakuja na kikapu kitupu, jani la tatu sitakupita. Sauti yangu ilikwaruza kuliko gitaa. Niliimba mpaka mwisho, nikamaliza pale pale ngoma iliporudi.

Wimbo ulipokwisha, kile kidimbwi kilikuwa kimenywewa na udongo. Harufu ilikuwa imeondoka. Mbwa alikuwa anatazama ndani ya kaburi, mkia umetulia.

Wanaume wakaliteremsha yago kwa kamba. Baba mdogo akashika jembe, kisha akasita, akanitazama. Wote walinitazama, kwa sababu mimi ndiye niliyepinga. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Nilikuwa nimeimba, ndiyo, lakini nani aliyesikia? Huenda sikumfikia. Huenda nilichelewa miaka sita na sekunde chache.

Simu ikatetema mkononi mwangu. Ilikuwa Sagini, amenitumia ujumbe wa msikilizaji bila kuongeza neno lake hata moja. Mokaya wa Ndanai.

"Leo hatimaye hata sisi tumekumbukwa," aliandika. "Pale pahali ya kimya ameimba mwanamke. Sauti si nzuri sana lakini imenitoa machozi. Akimaliza, kijana fulani akacheka na kusema hapo sasa. Huyo mwanamke ni nani?"

Niliusoma mara ya pili kwa sauti, ili mama asikie. Pale kaburini sikuwa na kipaza sauti. Na neno lile sijawahi kulitamka hewani, hata siku moja.

Mama alifumba macho, akaguna taratibu, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Fukieni," nikasema.