Vipindi Viwili vya Takwimu

Kabla Audax, karani wa chuo, hajafungua mdomo, Mwalimu Tupokigwe alikwisha kujua kwamba mambo hayajakaa sawa. Audax alikuwa ameitazama karatasi yake mara tatu, na mtu haitazami karatasi nzuri mara tatu.

"Kaa kwanza, Mwalimu," alisema Audax.

"Shikamoo. Nimekuja tu kugongewa muhuri."

"Marahaba. Kaa."

Akakaa. Wiki ya tisa ya muhula ilikuwa imeanza, na chuo hicho cha upande wa Temeke kilikuwa na joto la mabati na kelele za mafundi wa barabara. Karatasi ilitoka kwa mwajiri wake, halmashauri moja huko Tukuyu. Iliuliza jambo moja tu: je, mtumishi huyu ni mwanafunzi wa muda wote? Chuo kijibu, kigonge muhuri, kiirudishe kabla ya Ijumaa. Miaka kumi na minne alikuwa amefundisha shule ya msingi, na sita kati ya hiyo aliisubiri ruhusa ya masomo. Kwa sharti la muda wote ndipo alipopewa.

"Muhula huu una krediti arobaini na nane," alisema Audax. "Wa muda wote anaanzia hamsini."

Tupokigwe alicheka kidogo, kama anayesahihisha kosa la mtoto. "Baba, mie nipo hapa kila siku. Saa mbili asubuhi nimefika. Wa nusu muda si ndio wale wa jioni na Jumamosi?"

"Wengi wanadhani hivyo."

"Nina masomo matano. Vipindi kumi na nane kwa wiki!"

"Hatuhesabu vipindi, Mwalimu."

Hapo ndipo alipoanza kuogopa. Katika shule alizofundisha, mzigo wa mwalimu ulipimwa kwa ratiba ya ukutani. Mwenye vipindi thelathini alihurumiwa. Mwenye kumi alisengenywa. Hakuna aliyehesabu madaftari unayosahihisha nyumbani. Kwa hiyo mwanzoni mwa muhula, alipoona masomo sita yanamwelemea, alifanya kama ambavyo mwalimu yeyote angefanya: aliitazama ratiba, akatafuta somo lenye vipindi vichache. Takwimu ilikuwa na viwili tu.

Alikumbuka hata mahali alipoiondolea. Ilikuwa kwenye duka la fotokopi mkabala na geti, Jenipher, kiongozi wa darasa lao, akiwa ameshika simu yake na kumbonyezea, maana mtandao wa chuo ulimshinda.

"Ticha, hiyo ngoma piga chini," Jenipher alimwambia. "Sie wengi tunaiachaga, tunaichukua mwaka wa tatu. Utakufa bure na mahesabu."

"Haina madhara?"

"Madhara gani? Mie mwenyewe natoa."

Jenipher hakumdanganya. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, hana mwajiri wala karatasi ya kurudisha. Kwake lilikuwa somo lililosogezwa mbele, basi.

"Takwimu ina krediti kumi na mbili," Audax aliendelea taratibu. "Darasani mnakaa saa chache, lakini mazoezi ya nyumbani yote yanahesabiwa. Ungeondoa Stadi za Mawasiliano, yenye vipindi vinne, ungebaki na hamsini na mbili. Nisingekuita."

"Basi nirudishie leo. Nitalisoma usiku na mchana."

"Dirisha la kubadili masomo lilifungwa wiki ya tatu."

"Andika hamsini. Ni mbili tu, baba yangu. Mbili!"

Audax alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la shati. Hakumkaripia. "Halmashauri wanalinganisha na orodha ya masomo. Nikiandika, tutafukuzwa wawili."

Kisha akamweleza, kwa sauti ya chini ili waliosimama mlangoni wasisikie, kwamba njia zilikuwa mbili. Fomu ikienda na arobaini na nane, ruhusa itahesabiwa kuwa ilikoma tangu wiki ya tatu, na siku zote za baadaye zitaitwa utoro kazini. Kwa utoro, mtu hufukuzwa. Au aahirishe masomo leo, arudi kazini na barua ya chuo badala ya fomu hiyo, kabla ya Ijumaa. Kazi itapona.

"Na mwaka huu?"

"Umekwenda."

"Hizi wiki tisa? Majaribio niliyofaulu?"

"Bila mtihani wa mwisho hayahesabiwi."

"Na ruhusa nyingine?"

"Hilo la mwajiri wako. Ila anayekatisha huanza foleni upya."

Tupokigwe aliivuta fomu ya kuahirisha. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Akajumlisha sita kichwani, akaacha. Penye sababu za kuahirisha mkono ulisita.

"Andika matatizo ya kifamilia," Audax alimwambia. "Wengi huandika hivyo. Hawaulizi."

Akaandika hivyo. Akaweka sahihi, na muhuri ukagongwa.

Koridoni Jenipher alikuwa akikimbilia darasani na chupa ya maji mkononi. "Ticha, umechelewa leo! Nimekuwekea kiti. Twende, mzee keshaingia."

"Tangulia, mwanangu."

Alisubiri mpaka mlango ukafungwa, ndipo akampigia mwalimu mkuu wa shule yake.

"Mwalimu Kasimiri, narudi."

"Likizo?"

"Narudi kazini."

Kasimiri alikuwa mtu mwema, na wema wake ulimzuia kuuliza. "Darasa lako la saba lina mtu," alisema. "Lililo wazi ni la kwanza."

"Wako wangapi?"

"Mia na kumi na nne."

Nyuma ya mlango mhadhiri alikuwa akiita majina. Lake lilipoitwa, mtu fulani aliitikia, "Yupo, anakuja."

"Alhamisi asubuhi nitakuwa hapo," alisema Tupokigwe, akakata simu.