Mkono Nyuma ya Koti

"Uliniachia! Tibbs, mbele ya watu wote wale, uliniachia!"

"Ndiyo Mzee, nilikuachia."

"Kazi yako si kunishika koti?"

Huyo anayefoka ni Hostetler, kocha wetu mkuu. Tibbs ni msaidizi wake. Ukija kwenye mechi za kikapu za vyuo hapa Indiana utamwona msaidizi kasimama nyuma ya mkubwa, mkubwa akipandwa na hasira anavutwa koti kabla hajavuka mstari. Leo mwamuzi alipeta, hakupuliza faulo niliyochezewa mimi, Mzee akaingia uwanjani kama fahali, hakuna wa kumvuta. Kwa kosa hilo wapinzani wakapewa mitupo miwili ya bure, wakatia yote. Tukafungwa kwa pointi moja. Msimu kwisha.

Mimi nipo pembeni ya chumba cha kubadilishia nguo, mguu kwenye ndoo ya barafu, najifanya sisikii.

"Waandishi wananisubiri nje. Mkuu wa michezo anataka mtu wa kufukuza. Nikamtaje nani?"

"Nitaje mimi. Mkataba wangu unaisha mwezi huu, hawatapata shida."

"Usinitanie, Tibbs!"

"Sikutanii. Miaka sita wanakuandika kocha mtulivu. Mtulivu wapi? Utulivu wako ni huu hapa." Akainua mkono. Kidole kimoja kimepinda, kilivunjikia ndani ya mfuko wa koti hilohilo. Kicheko kilinipanda, nikakimeza.

"Kwa hiyo ulifanya makusudi."

"Dogo huyu alikuwa chini anagugumia. Nani alisema mchezaji akianguka, Tibbs kimbia?"

Mzee akageukia mlangoni.

"Nani?"

"Mimi."

"Na kukushika wewe, nani alisema?"

"Mimi, bwana, mimi!"

"Sasa mimi nina mwili mmoja. Nikaenda kwa dogo."

Hapo ndipo Mzee akaniangalia, mara ya kwanza tangu mechi iishe. "Unaumia?"

"Kidogo tu, Kocha." Uongo. Mguu ulikuwa unawaka moto.

Akavua koti, akamtupia Tibbs mapajani. Tibbs akanyanyuka kumfuata, mazoea, yule hata chooni angemfuata.

"Kaa."

"Watakuchokoza, Mzee. Yule jamaa wa redio unamjua."

"Kaa na dogo. Naenda kuwaambia ni mimi niliyeharibu. Nitajishika mwenyewe."

Akatoka. Mimi na Tibbs tukajikunja, tunasubiri kishindo cha mlango.

Akaufunga polepole.