Shati la Mkurugenzi kwenye Masafa ya Kati

Alhamisi saa kumi kasorobo, Mirembe alimaliza kuanika mashuka, akageuza ndoo, akaweka redio juu yake na kuanza kuizungusha polepole, kidogo kushoto, kidogo kulia. Chumba cha kufulia cha hoteli yao, mtaa wa Hai Amarat, kiko nyuma, karibu na jenereta, na jenereta ikinguruma redio hukwaruza tu.

"Hapo hapo! Usiguse!" alisema Agum. Mkwaruzo ukarudi. "Si nilikuambia usiguse?"

"Mimi haikugusa. Ni upepo."

"Upepo uko na mikono?"

Agum alikuwa mwenzake wa kufua. Alilelewa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kenya, cha haraka. Miaka tisa alikuwa hajamwona kaka yake Bior, tangu siku waliyokimbia risasi, kila mmoja upande wake. Kila Alhamisi saa kumi, kwenye masafa ya kati, kilikuja kipindi cha dakika arobaini cha kusoma majina ya watu wanaotafuta ndugu zao. Agum aliamini jina lake limeshasomwa mara nyingi, ila jenereta inalimeza.

Mirembe si mtu wa kubishana. Jumamosi alipanda boda hadi soko la Custom, kwa Emilio fundi wa redio, akamweleza tatizo.

"Redio haitaki mkono, inataka waya," Emilio alisema bila kuinua macho. "Mrefu, juu, mbali na hiyo jenereta. Halafu nondo moja ichomekwe chini, mahali penye maji siku zote. Huko kwenu iko maji?"

"Iko ya sabuni."

"Basi nyinyi mna bahati kuliko stesheni yenyewe."

Kamba ya kuanikia ilikuwa waya tayari, hatua arobaini kutoka kwenye tangi hadi kwenye mwarobaini wa ukutani. Mirembe aliiunganisha na redio, akachomeka nondo pale wanapomwaga maji ya kufulia, na Alhamisi iliyofuata sauti ikaja safi. Hata mtangazaji akimeza mate, walisikia.

Ndipo wakajua kwamba jenereta haikuwa imemeza jina lolote. Mkurugenzi wa kipindi alisalimia wasikilizaji, akashukuru wafadhili mmoja mmoja, akaeleza kwa nini majina ni kitu muhimu, na dakika thelathini na tano zikaisha. Kisha yakasomwa majina manane.

"Khalas? Imeisha?" Agum aliiuliza redio.

Redio ikaendelea na tangazo la unga.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, siku ya nguo za wageni. Mirembe ndiye aliyegundua kwanza, kwa kuwa yeye hutazama. Nguo mbichi ikianikwa peke yake kwenye ule waya, ilileta stesheni yake. Kanzu ya padri wa chumba cha nne ilileta ibada kutoka mbali, kwenye masafa mafupi. Aproni ya mpishi ilileta bei ya vitunguu Kampala. Kaptura ya mhandisi mmoja ilileta mpira, dakika ya sabini, bila kwa bila, na wapishi wakatoka jikoni na miiko yao wakasimama hapo mpaka ikakauka.

"Sasa leta ya namba kumi na mbili," Agum alisema.

Katika chumba namba kumi na mbili hulala mkurugenzi wa kipindi. Shati analovaa Alhamisi hufuliwa Ijumaa, jeupe, kola ngumu. Mirembe alilikamua nusu tu, akalibana kwa pindo. Redio ilikohoa, ikaanza kusoma kwa sauti ya mkurugenzi mwenyewe, bila salamu, majina yaliyobaki.

Yalikuwa mengi. Agum alisikiliza amesimama, soksi ya mtu mkononi.

"Akuol, yuko Yei, anatafuta mama yake. Wani, yuko Torit, anatafuta watoto wake watatu. Bior, anauza samaki Rejaf, anatafuta dada yake Agum. Ombi la Machi, mwaka juzi."

Agum alikaa chini kwenye povu.

"Rejaf?" alisema. "Rejaf ni hapo tu! Mimi kila wiki nanunua samaki ya Rejaf!"

"Labda ni yake ile ulisema imeoza," Mirembe alisema, akamsimamisha.

Saa nane boda ilimrudisha Agum kutoka Rejaf na mwanamume mrefu anayenuka samaki. Walikuwa wameshalia njiani, sasa walikuwa wanagombana.

"Umechelewa. Miaka miwili nakuita."

"Ulikuwa unaniita ndani ya shati, ningesikiaje?"

Mirembe aliwaomba wanyamaze, maana shati lilikuwa linakauka katikati ya jina. "Nyaku..." lilisema, likanyamaza. Mirembe alilimwagia kikombe cha maji kolani. "...oth," likamalizia.

Siku hizi kila Ijumaa wanawake wa mtaa wanakuja na madaftari, wanakaa katikati ya ndoo. Mkurugenzi alilalamika mapokezi kwamba mashati yake yanarudi na unyevu. Baadaye akapata mafua. Alhamisi hiyo alipiga chafya hewani, akawaomba radhi wasikilizaji kwa kila chafya, na majina yakasomwa matatu.

Bior, ambaye ni mtu wa adabu, alikwenda ofisini kwa mkurugenzi kuomba jina lake lifutwe, ili nafasi apewe mwingine. Mkurugenzi alimkaribisha soda. Aliposikia habari za shati, alitikisa kichwa.

"Ndiyo, wameniambia. Ni pamba nzuri ile."

Kuhusu kufuta, alieleza, utaratibu unaruhusu kufuta tu jina lililokwisha kusomwa. La Bior bado. Awe na subira, na kila wiki asikilize, kwani likisomwa naye asijitokeze, litarudishwa mwisho wa orodha.

Kwa hiyo Alhamisi Bior anafunga biashara mapema, anakuja kutoka Rejaf, anakaa kwenye ndoo karibu na dada yake. Saa kumi salamu zinaanza. Wakifika kwa wafadhili, Bior huanza kuuliza kama chai imebaki.

"Nyamaza wewe," Agum humwambia, sikio kwenye redio. "Watakuita usisikie."